Mama Mkwe Hakuwemo Kwenye Daftari

Wakuu, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na nguo nilikuwa nimezivaa. Nasimulia mwenyewe kabla Bhoke, mke wangu, hajawasimulia kwa namna yake.

Mnanijua. Mimi Marwa naongoza watalii hapa Ikoma, na kwa wanyama sibahatishi. Sasa niko likizo, na likizo yangu naimalizia uani kwangu. Jua la Februari hii linakaanga, kwa hiyo nimefungua daftari, naandika kila kiumbe kinavyolikimbia. Saa nne kinyonga anapauka rangi. Saa tano kuku wanapanua mabawa na kuhema midomo wazi. Saa sita kindi anajilaza kifudifudi kwenye tawi la mpera, miguu inaning'inia. Na wote mwisho wao ni mmoja: migomba minne nyuma ya jiko, yanapoishia maji ya bafu. Hakuna penye ubaridi kama hapo. Nimewawekea na karai la maji ya kunywa. (Bhoke analitafuta hilo karai tangu wiki iliyopita.)

Aliyebaki ni kobe mmoja. Kila siku nakuta nyayo zake kwenye tope, mwenyewe simwoni; kwa hesabu yangu hupita saa sita na nusu, na akiona mtu amesimama haji.

Sasa, leo mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Kenyamonta. Hakuwa anakuja kusalimia tu. Bhoke anajifungua mwezi ujao, na mama yake anataka akajifungulie kwao, akae huko miezi mitatu. Mimi sitaki kabisa. Nataka mwanangu azaliwe hapa, nimshike siku hiyohiyo. Mama akasema sawa, atakuja kwanza aione nyumba, na apime kama mkwe ana adabu.

Na adabu ya kwetu mnaijua: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Kwa hiyo asubuhi Bhoke alinipa amri moja.

"Nenda senta, ukae huko madukani mpaka jioni. Marwa, leo tu, nakuomba, usinitie aibu."

"Mama anafika saa ngapi?"

"Saa tisa."

Nikapiga hesabu. Kobe saa sita na nusu, mama mkwe saa tisa. Muda upo tele! Nikaaga vizuri, nikatoka getini, nikazunguka nyumba, nikajilaza kifudifudi kwenye migomba na kujifunika majani makavu. Bhoke akajua nimeshafika senta.

Saa sita na robo nikasikia bodaboda inazimwa getini.

Mama mkwe alikuwa amepanda gari la alfajiri ili alikwepe jua. (Miaka sita nawaambia wageni kwamba mnyama mwenye akili husafiri kabla ya joto.) Nyuma yangu kulikuwa na ua wa minyaa, kushoto ukuta wa bafu. Njia ya kutokea ni moja tu, nayo inapita mlango wa jiko. Sikuhofu. Nilijua ataingia sebuleni, atapewa maji, nami nitachomoka taratibu.

"Humu ndani mnaishije?" nikamsikia. (Walikuwa wanaongea Kikurya, nawatafsiria.) "Bati linawaka! Hamna mahali penye ubaridi?"

"Labda kule nyuma, mama. Kwenye migomba."

Jamani! Daftari zima nimeandika kuku, kindi, kinyonga, nyuki na kobe. Nikasahau kwamba mama mkwe naye anasikia joto.

Akaletewa kigoda. Akakaa hatua tatu kutoka kichwani kwangu, akavua viatu, akatumbukiza miguu kwenye lile karai la wanyama wangu.

"Kumbe karai langu liko huku!" Bhoke akasema.

"Na mumeo yuko wapi?"

"Ameenda senta, mama. Hakutaka kukuvunjia heshima."

"Hapo amenifurahisha. Basi ana adabu huyo. Nilidhani mtu wa kukaa na wanyama naye atakuwa mnyama tu."

Moyo ulinicheza kwa furaha. Mtoto anazaliwa Ikoma! Kazi yangu ilikuwa moja tu, kutotikisika.

Ndipo wakaanza kuja, kwa ratiba yangu ileile. Jasho lilikuwa linanitiririka, na uani pote hapakuwa na kitu chenye maji kunizidi mimi. Vinyuki vidogo visivyouma vikaja kunywa pembeni mwa macho yangu. Kuku akafukua udongo mbichi na kunijazia sikioni. Nikatulia. Kisha chura akaingia kwenye mguu wa suruali. Nilimwelewa. Joto likizidi, chura hutafuta penye giza na unyevu. Akafika gotini, akapumzika, akaendelea kupanda. Nikauma jani. Na kobe je? Kobe akatokea! Siku tisa namsubiri! Akanikaribia mpaka puani, akanitazama, akageuza njia. (Hata yeye aliniona sina akili.)

"Hebu mpigie simu," mama mkwe akasema. "Nisikie kama kweli yuko senta. Wanaume wa mbugani siwaamini sana."

Wenye namba yangu mnaujua mlio wa simu yangu. Ni fisi. Nilimrekodi mwenyewe kazini, na wageni wanaupenda kweli. Simu ilikuwa mfuko wa mbele na nilikuwa nimeilalia.

Fisi akalia.

Mtu mwingine angekimbia. Mama mkwe wangu amekua akichunga mbuzi, na kwake fisi hakimbiwi.

"Bhoke, rudi nyuma!"

Maji ya miguu yakanipata usoni. Karai likanipata mgongoni. Alikuwa ameshainua kigoda niliposimama nikiwa tope mpaka kwenye nywele. Chura akatokea kiunoni akaruka zake.

"Mama, usipige! Ni Marwa!"

Hapo adabu ikanirudia. Nikavuta jani la mgomba, nikajifunika uso.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa ndani ya jani.

Akanijibu kwa kupitia kwa binti yake: "Bhoke, mwambie marahaba."

Nikaanza kuondoka kwa heshima zote, sioni mbele. Nisichojua ni kwamba mama naye alikuwa amejifunika kanga usoni, naye anaondoka kwa heshima, naye haoni mbele. Na njia ni ileile moja ya mlango wa jiko. Tukagongana vichwa, pu! Mimi nikakaa kwenye tope. Yeye akayumba akashika ukuta. Bhoke akashika tumbo kwa kicheko: "Jamani, mtanizalisha leo!"

Mama mkwe akashusha kanga. Akanitazama usoni. Kisha akaniuliza mimi mwenyewe, bila kupitia kwa Bhoke.

"Mura, we kijana, ulikuwa umelala hapo muda wote?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule chura ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Na hukupiga kelele?"

"Sikutaka kukuvunjia heshima, mama."

Akatikisa kichwa.

"Anayevumilia hivyo, kilio cha mtoto atakiweza. Mtoto atazaliwa hapa."

Nikataka kuruka! Akaendelea:

"Na mimi nitakuja kumlea. Miezi mitatu. Tumeshagongana vichwa, tutafichana nini tena? Kigoda changu msikitoe hapo. Na karai."

Kwa hiyo nimeshinda. Nimefungua daftari na kuandika: saa sita, mama mkwe, kwenye migomba, miguu ndani ya karai. Chini yake nimeandika: saa sita, Marwa, senta, juani. Mkinikuta huko ninunulieni soda baridi tu, na atakayelia kama fisi asiseme sikumwonya.