Fahali Nambari Moja na Tangi la Jepkemei

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mke wangu Jepkemei ameondoka asubuhi kwenda Gilgil. Dada yake amejifungua. Atarudi Jumapili. Ameniachia agizo moja tu: nisafishe tangi la maji kabla mvua haijaanza. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Mwanaume mzima atashindwaje na tangi?

Nimefungua kibanda saa tatu. Nauza kava za simu na chaja hapa Rongai ya upande wa Nakuru, mlango kwa mlango na kinyozi cha Kamande, anakonyolea watu. Wateja hakuna. Nimepata nafasi ya kumtazama fahali wangu.

Niandike habari za fahali, maana siku moja wajukuu watauliza utajiri wa familia ulianzia wapi. Kuna app inaitwa Zizi, imetengenezwa na vijana fulani wa Nakuru. Unanunua picha ya fahali, inakaa kwenye simu yako. Fahali ni mmoja, anaitwa Jemedari, mweusi na mweupe, anatazama kamera kama mtu aliyeamshwa vibaya. Zimetolewa picha mia tano, zote sawa kabisa, na hakuna nyingine zitakazotolewa. Tofauti ni nambari iliyoandikwa pembeni. Nambari ndiyo mali. Jepkemei aliuliza kama huyo fahali anaweza kupanda ng'ombe wetu. Nilimwonea huruma.

Mimi nina nambari 32. Nambari ya mtu aliyefika harusini nyama imeisha. Na nambari moja anayo nani? Kamande! Kijana wa app alinyolewa kwake, akakosa pesa mfukoni, akamlipa kwa fahali wa kwanza. Kamande hajui hata kumfungua. Leo nimemkuta ameikalia hiyo simu huku anakula mahindi ya kuchoma. Imeniuma sana.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwendea Kamande nikijifanya nataka kunyolewa. Nimegusia nambari moja kwa mbali. Amesema hauzi, amemzoea mnyama. Nimempandishia bei. Ameendelea kunyoa. Halafu akachungulia dirishani, akatazama boma langu, akasema kitu anachohitaji yeye hapa duniani ni tangi. Wateja wanataka kuoshwa kichwa, na bomba la mtaa limekauka tangu mwezi uliopita.

Nimecheka. Nimefika nyumbani nikaacha kucheka.

Tangi ni la Jepkemei. Alilinunua zamu yake ya kupokea pesa za chama ilipofika. Kabla ya hapo alibeba maji mgongoni kutoka kisimani, kamba kwenye paji la uso, na mimba ya Chepchumba wetu juu yake. Siku tangi lilipoletwa alilizunguka, akaingia jikoni, akalia. Nilimsikia. Nami nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

Kwa hiyo sitalipoteza. Kamwe. Nitampa Kamande kwa siku chache tu. Itakuwa kuazima, ila yeye hatajua ni kuazima. Mpango wenyewe ni rahisi. Nachukua nambari moja. Naipeleka Nakuru kwa Kirit, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayekusanya picha hizi kuliko mtu yeyote. Kirit anauza matangi. Narudi na tangi kubwa mara tano ya hili. Jumapili Jepkemei anaingia jikoni kulia tena. Kila mtu anafurahi.

Jumatano, 5 Novemba

Biashara imefanyika. Kamande dakika ya mwisho ametaka nyongeza, eti tangi lina mkwaruzo. Nimempa nambari 32. Nimemtumia kwenye simu bila hata kuagana nayo. Nimetoka hapo nikijiona mjanja: nimemtwika takataka yangu na bado ameshukuru.

Tangi lilikuwa tupu, tumeliviringisha barabarani mchana kweupe, mimi nasukuma, Kamande anaelekeza. Sue wa mboga ameuliza tangi la mama Chepchumba linaenda wapi. Nimemwambia linaenda kuoshwa. Ameuliza kama siku hizi matangi yanaoshwa kinyozi. Yule mama ana maswali mengi.

Sasa namiliki nambari moja. Nimeitazama mpaka betri ikaisha. Ni picha ile ile, lakini nahisi Jemedari sasa ananitazama kwa heshima.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku mbaya.

Nimefika Nakuru nimevaa koti la harusi. Kirit amenikaribisha vizuri, ameagiza chai, ameuliza nambari. Nimeitoa simu polepole, kama mtu anayefunua keki. Ametazama. Amerudisha.

Akasema, "Boss, hii ni ya Mombasa."

Sikuelewa. Amenieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Kaunti za Kenya zina nambari. Moja ni Mombasa. Watu wa Nakuru ni 32. "Babu yangu alifungua hii duka hapa, si Mombasa. Mimi natafuta thelathini na mbili tangu app ianze. Mwenye hiyo nampa tangi leo leo, na lori nampelekea."

Mtoto wa darasa la nne anajua nambari ya kaunti yake. Mimi mwenyewe nilimfundisha Chepchumba. Nimekaa na kikombe mkononi nikimwona Kamande kichwani mwangu, ameikalia ile simu.

Nimewahi kurudi Rongai niinunue 32 kabla hajajua. Nimeingia nikihema. Nimesema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nimeimiss ile nambari yangu ndogo, anirudishie kwa wema tu. Kamande amesema pole. Kirit ametoka kumpigia sasa hivi. Ameiona leo kwenye kundi la wakusanyaji, ambako kila mtu huonyesha nambari yake, isipokuwa mimi niliyeficha yangu kwa aibu. Mimi ndiye niliyemwingiza Kamande kwenye hilo kundi. Jana. Ili wote waone amebaki na nini.

Ijumaa, 7 Novemba

Lori la Kirit limefika saa nne. Kamande sasa ana matangi mawili. Ameyapanga ubavuni mwa kinyozi, langu na jipya, na mabati yake yote yanamimina humo.

Mchana mvua imenyesha. Mvua ya nguvu. Nimesimama kibandani nikisikiliza tangi la Jepkemei likijaa kwa jirani. Nyumbani nimekinga sufuria, beseni na kofia ya pikipiki.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwomba Kamande tubadilishane tena: achukue nambari moja, anirudishie tangi langu. Amekataa. Amesema hajaona mtu akiitamani hiyo nambari isipokuwa mimi, na mimi si kipimo.

Sawa. Anataka kuona watu wakiitamani. Ataona!

Kesho ni Jumapili ya mavuno. Baada ya ibada kuna mnada: jogoo, maboga, mikungu ya ndizi. Nitaipeleka nambari moja mnadani. Binamu yangu Bethwel, wa bodaboda, ataipigania mpaka bei ipande juu ya paa, ataishinda, kisha atanirudishia nyuma ya kanisa. Alichoahidi nitalipa mimi kwa mahindi ya stoo yetu, gunia moja hivi. Kamande atakuwa ameketi pale pale, ameona kwa macho yake. Tangi litakuwa nyumbani kabla Jepkemei hajashuka kwenye gari. Yeye hufika jioni.

Bethwel ameuliza mara mbili kama ana ruhusa ya kuongea kwa maikrofoni.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika nikiwa stoo. Kuna nafasi kubwa humu.

Mnada uliongozwa na mzee Nicodemus. Alipofika kwangu aliinua simu yangu juu, akauliza hii ni nini. Nikasema ni fahali. Kanisa zima likapiga makofi. Akaitisha bei. Kimya. Bethwel akasimama, akataja gunia moja. Kimya zaidi. Nilimtolea ishara aketi, amekwisha shinda. Akaelewa kwamba namtia moyo. Akapandisha yeye mwenyewe, magunia mawili. Wamama wakapiga vigelegele. Akafika manne, bila mpinzani, jasho likimtiririka.

Halafu akachukua maikrofoni. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kila mtu aliyekulia kanisani anakijua: kitu cha mnada wa mavuno hakiendi nyumbani na mnunuzi. Jogoo ukimnunua, unamrudisha auzwe tena au unamzawadia mtu, na ukimficha kwenye gari utasemwa mpaka mavuno mengine. Nilidhani desturi hiyo ni ya kuku. Sikudhani inafika mpaka kwenye simu. Bethwel akatazama watu wote wale wakimngoja, akasema kwamba anamzawadia mama mchungaji.

Mama mchungaji amepokea nambari moja. Mimi mwenyewe nimemtumia, mbele ya kanisa, nikitabasamu. Ameuliza atamlisha nini.

Nilipogeuka, Jepkemei alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa safari. Amepata lifti, akawahi. Sue alikuwa amekwisha kumnong'oneza kwamba mume wake ametoa fahali wake wa thamani kwa Bwana. Jepkemei hajui fahali huyo ni wa nini, lakini anajua jinsi ninavyompenda. Machozi yalimlenga. Alinishika mkono mbele ya watu, na tukatoka kanisani hivyo. Kwa dakika hizo za barabarani nilikuwa mume mwema, na niliamini kabisa.

Tukafika nyumbani. Akachukua kikombe, akaenda kujichotea maji.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama mbele ya ile sakafu ya saruji iliyo tupu, akatazama sufuria, akatazama kofia ya pikipiki, akauliza, "Baba Chepchumba, tangi langu liko wapi?" Nikamweleza. Nilianza na nambari za kaunti. Nilipofika kwenye gunia la nne akaingia jikoni, na safari hii hakulia.

Bethwel amepita jioni kuchukua mahindi ya kanisa. Amesema, "Kuzo, binamu yangu, ile mic ilinishika. Lakini watu wamekupenda." Ni kweli, wamenipenda. Hakuna aliyewahi kuniita mkarimu kabla ya leo.

Jumatatu, 10 Novemba

Jepkemei ametoa ile kamba ya zamani nyuma ya jiko. Sikujua aliihifadhi. Amenikabidhi pamoja na mtungi. Maji yatabebwa na mimi, mgongoni, mpaka tangi lirudi. Nimesema mwanaume hafungwi kamba kwenye paji la uso. Amesema mwanaume pia hauzi tangi.

Kisima kiko mbali. Maji ya karibu ni ya Kamande, anayauza sasa, mbele ya kinyozi. Kwa hiyo leo nimenunua maji kutoka tangi langu mwenyewe. Nilimwonyesha ule mkwaruzo. Akasema ndiyo, anaujua, aliulalamikia.

Lakini wakati nabeba nimefikiri. Jepkemei alibeba hivi miaka mingi na hakuniambia kamba inauma. Nimeona aibu. Nimeamua kubadilika. Kuanzia leo hakuna fahali, hakuna app, hakuna Kirit. Nimefuta kila kitu kwenye simu. Nimejisikia mwepesi. Nikirudi kibandani nitauza kava na chaja mpaka nilirudishe tangi lile kwa jasho langu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimedamka mapema. Jepkemei anangoja maji ya chai, wageni wa chama wanakuja asubuhi. Kwenye maji ya Kamande nimewahi, nimekuwa wa tatu.

Foleni imekuwa ndefu, na watu wanagombana, kwa hiyo Kamande ameanza utaratibu. Anaandika nambari kwa chaki kwenye kila mtungi, ili mtu asiruke mwenzake. Wangu akauandika tatu. Nikatazama nyuma kwa kutazama tu. Mwishoni kabisa, mzee Nicodemus ndiyo kwanza anafika na mtungi wake wa manjano. Kamande akauinamia. Akaandika tatu, kisha mbili.

Thelathini na mbili! Kwa mkono wa Kamande mwenyewe, mtu aliyewahi kumiliki ile ya kweli. Na ni mmoja tu, hakutatolewa mwingine.

Nimemwendea mzee Nicodemus nikamwambia umri wake haumruhusu kusimama muda wote huo. Tubadilishane mitungi na nafasi. Amenibariki mbele ya foleni nzima. Watu wamezidi kuniona mkarimu.

Jepkemei amepiga simu mara mbili. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nimeupiga mtungi picha na kumtumia Kirit; nambari yake niliifuta simuni, si kichwani. Bado hajajibu, lakini ameiona.

Saa sita zamu yangu imefika. Kamande ameshika mpira wa maji, ameuliza ajaze. Nimefunika ile chaki kwa kiganja, nikamwambia asithubutu, itafutika. Nimeubeba mtungi nyumbani ukiwa mkavu, kifuani, kwa mikono miwili.