Lango la Orumeko na Harusi ya Binti Yangu Iliyokwama

Sakai, Osaka
Mwezi wa pili

Kwa Waheshimiwa Waandishi wa Hadithi za Kadi za Malimwengu Saba,

Poleni na kazi ya kuumba dunia. Mimi ni Orie Nishiwaki, mwenye mgahawa wa tambi. Sichezi kadi zenu. Ninawaomba, kwa heshima zote, mtangaze leo yatakayotokea katika toleo lijalo, maana binti yangu hawezi kuolewa kabla hayajajulikana.

Hadithi mnaijua, mmeiandika nyinyi. Katika toleo lililopita Orumeko, mlinzi wa lango, alilifunga lango la ulimwengu wa saba huku mkewe, Malkia Veladi, akiwa ndani. Mkaishia hapo. Nyinyi mkaenda likizo, sisi tukabaki na ugomvi.

1. Picha ya kwenye kadi. Orumeko ana tone shavuni. Binti yangu Chizuru, ambaye ni nesi, anasema ni chozi: alifunga kwa uchungu, ili kumwokoa mkewe. Mchumba wake, Kengo Odagiri, ambaye ni mtabiri wa hali ya hewa, anasema ni mvua. "Tazama nyasi zilivyolala," alisema, "upepo ni wa kaskazini. Huyo ni msaliti aliyelowa, basi." Msanii wenu angemchorea kitambaa cha kufutia machozi mkononi, tungejua moja.

2. Siku wazazi wa Kengo walipoleta zawadi za uchumba, maneno yalianza kabla samaki hajaguswa. "Mwanamume anayemfungia mkewe lango ana lake jambo," akasema Kengo. Chizuru akaweka vijiti chini. "Kumbe! Siku nikifungiwa mimi, utakaa nje ukipima mvua?" Uchumba ukavunjika. Wiki iliyofuata mama yake Kengo alituma mtu kuulizia ngisi mkavu waliyemleta katika zawadi zile. Ngisi tulikuwa tumeshamla.

3. Nilikwenda kwa kuhani wa mtaa wetu anichagulie siku njema ya harusi, nikidhani siku ikishapatikana watoto watatulia. Akafunua kalenda, akaguna. "Siku njema zipo, mama, ila lango bado halijafunguliwa." Ndani ya mkono wa joho lake nikaona pakiti ya kadi zenu.

4. Mume wangu Yasuhei, aliyekuwa hatofautishi kadi na tikiti ya treni, sasa anadai kuna Orumeko wawili, kwani kila mtu ana pacha katika kila ulimwengu. Akaniuliza, nikiwa nakata vitunguu, kama huko kwingine pia mimi ni mkewe. Nikamwambia, "Huko nimepumzika." Amenuna mpaka leo.

5. Chizuru analia jikoni na kusingizia vitunguu hata siku ambayo hatujanunua. Kengo naye hupita mbele ya mgahawa kila mvua inaponyesha, bila mwavuli. Mtabiri wa hali ya hewa!

Kwa hiyo naomba lango lifunguliwe mara moja, malkia atoke, wanywe chai, yaishe. Kisha fungeni malimwengu yote sita yaliyobaki. Huu wetu mmoja tu unatushinda.

Mwisho wa hadithi nimeshawatungieni: ni malkia mwenyewe aliyefunga, kwa ndani, ili apate utulivu.

Nisalimieni msanii, wanaofagia ofisi, na Malkia Veladi kama yu hai. Kama hayupo, poleni wafiwa.

Wenu katika mashaka,
Orie Nishiwaki

N.B. Kabla ya kufunga bahasha niliwaita Chizuru na Kengo niwasomee barua hii waone aibu. Nilipofika kwa malkia kujifungia, wakaruka kwa sauti moja: "Mama, haiwezekani!" Wakakaa upande mmoja wa meza, bega kwa bega, wakanitandazia kadi kunionyesha ujinga wangu hadi supu ikapoa. Walipoondoka walikuwa chini ya mwavuli mmoja. Kuhani ametoa siku ya harusi. Basi nafuta ombi langu: tafadhali msiseme lolote, na mkiweza, buruteni hadithi mpaka nipate wajukuu.

Ila mimi, kwa siri, nijibuni. Ni malkia aliyefunga, sivyo?