Ukuti wa Ng'ambo ya Songwe

Jumatatu, 12 Mei
Nimempata! Nyoka aina ya ukuti, wa kijani, shingo safi kabisa, kwenye shamba la kakao la Mama Kisa hapa Katumba Songwe. Yule niliyemkamata juzi ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, ana mabaka meusi shingoni. Nyoka wawili, mto katikati. Spishi mbili! Dokta Georgina, mtafiti wa nyoka kutoka chuo kikuu, anafika Ijumaa. Spishi mpya lazima ipewe jina, na jina litakuwa langu. Sospeter, tena kwa Kilatini! Nimempigia mama simu Bukoba. Ameuliza kama nitapandishwa cheo. Nimemwambia hili linapita cheo.

Jumatano, 14 Mei
Usingizi hauji. Jubilate, mwalimu mwenzangu wa Jiografia, anazungukazunguka ndoo zangu za nyoka. Kauliza kuna nini humo. Nikasema kambare. Akaomba wawili wa kitoweo! Mtu gani huyu? Nimeficha ndoo chini ya kitanda, kisha nikamnong'oneza kwamba Dokta anatafuta vyura, na vyura wenyewe wako Ngonga. Kaazima pikipiki palepale. Nimecheka peke yangu darasani, Kidato cha Pili wakanishangaa.

Ijumaa, 16 Mei
Balaa! Nilimpeleka Dokta shambani mwenyewe, shati jipya, ndoo mkononi. Nikamweleza: huyu wa huku, huyu wa kule, hawajakutana tangu dunia iumbwe. Mama Kisa alikuwa anachuma kakao. Alimsalimia mgeni, ndaga, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe huko ng'ambo nako ni shamba lake! Mafuriko ya mwaka jana yaliuhamisha mto, ukapita katikati ya kakao. Nusu ya miti iko Malawi, anaifuata kwa mtumbwi. Mimi nimehamia hapa Januari, ningejuaje? Eti kila mtu anajua Songwe huhama. Dokta akamalizia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: mabaka ni ya utotoni, nyoka akikua yanafutika. Yaani nimemtenga mtoto na wazazi wake. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 17 Mei
Jubilate karudi na ndoo nzima ya vyura. Dokta kafurahi ajabu! Ana mwenzake anayewasaka vyura hao hao. Wameondoka pamoja kuzunguka ufuo wa ziwa hadi Matema. Mimi nimeambiwa niwarudishe ukuti shambani. Mama kapiga simu kutoka Bukoba kuuliza jina limefikia wapi. Nimezima simu, nikalia kidogo.

Jumapili, 18 Mei
Kanisani sijaenda. Nimelala chali naangalia dari. Mjusi kapita, mkia mfupi, mnene. (Paka alimnyofoa mkia mwezi uliopita, lakini hilo halihusiani.) Nikatoka kuchungulia dirishani kwa Jubilate, chumba cha pili. Wa kwake mkia mrefu, mwembamba! Hawafanani hata kidogo! Na kinachowatenganisha ni ukuta wa matofali. Ukuta hauhami.