Mguu wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya chuo cha udaktari imefika. Hawakunichukua. Kemia imeniangusha kwa alama mbili. Nimeisoma chooni mara nne, mlango nimeutia komeo. Nilipotoka, mama akauliza mbona natoka jasho. Nikasema tumbo. Akacheka, akasema kumbe hata madaktari huumwa. Ananiita Daktari mbele ya wapangaji wote. Nikimwambia ukweli leo, hatakuwa na pa kuuweka uso wake. Nikimwambia kesho, vilevile. Basi kesho.

Jumanne, 4 Machi
Nimepima njia zilizobaki. Kurudia kemia: mwaka mzima, na mwalimu ni yuleyule. Kusoma nje: wakala mmoja mjini anasema chuo chake hakiulizi kemia. Nikataka kujua kinauliza nini. Akasema hakiulizi chochote. Nikaaga. Stashahada ya utabibu: miaka mitatu, kisha kazi, kisha naomba tena udaktari. Binamu yangu, waliyemchukua chuo kilekile kilichonikataa na ambaye hawezi kunywa maji bila kukitaja, akasema hiyo ndiyo njia ya busara. Nimeifuta hapohapo.

Jumatano, 5 Machi
Mpango mpya! Najitolea zahanati ya mtaani, muuguzi mkuu ananiandikia barua ya sifa, nakata rufaa. Muuguzi mkuu hakuuliza alama. Alinipa kitambaa nipanguse mabango ukutani, kisha dekio. Saa nne akaletwa seremala aliyejikata kidole. Tone la kwanza la damu nililiona. La pili sikuliona. Nimezinduka kitandani, seremala kasimama, ananipepea kwa ule mkono mzima.

Alhamisi, 6 Machi
Mchana shangazi alikuja akichechemea. Hataki zahanati, ana daktari wake. Yaani mimi. Mguu wa kushoto umevimba kwenye shavu, na una joto. Mama kasimama nyuma yangu, anangoja elimu. Nikasema ni uchovu, ukandwe kwa maji ya moto. Wote wakaitikia kwa vichwa. Sijawahi kuaminiwa namna ile. Nikatoka uani kuifurahia heshima yangu.

Hapo ndipo bango moja la zahanati likanijia kichwani: mguu mmoja ukivimba na kuwa na joto, huenda damu imeganda, usikandwe, mgonjwa awahishwe. Donge likichomoka, linapanda mapafuni. Nikakimbia ndani. Mama alikuwa anakamua kitambaa.

“Usimguse!”

“Si umesema mwenyewe akandwe?”

“Mimi si daktari, mama. Hawakunichukua. Barua ninayo tangu Jumatatu.”

Akanitazama. Nilidhani kitambaa kitatua usoni mwangu. Akakirudisha kwenye beseni, taratibu.

“Hayo tutayazungumza,” akasema. “Mshike shangazi yako upande huo.”

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi kalazwa. Kweli, damu ilikuwa imeganda. Wamesema siku mbili zaidi na tungekuwa tunasema mengine. Nimekaa kwenye benchi la hospitali nikilia kama mtoto. Mama alinisogezea kitenge chake nijifute. Muuguzi mkuu kasikia habari, kaja mwenyewe na fomu ya stashahada na barua ya sifa kashaiandika. Mwisho wa kupokea fomu ni kesho saa sita mchana. Alinihimiza nisichelewe hata dakika.

Jumamosi, 8 Machi
Nilitoka saa tatu, fomu mkononi. Jirani wa ghorofani akanisimamisha ngazini. Kasikia nilivyoutambua mguu wa shangazi kwa kuutazama tu. Yeye ana kizunguzungu. Nikamwambia atoe ulimi. Nyuma yake mwenye duka, mgongo. Nyuma ya mwenye duka, mama mkwe wake, kila mahali. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa saba kasoro.

Nimeogopa kidogo. Kisha nimefikiri vizuri. Jumatatu nakiandikia chuo cha udaktari: miaka mitano ya nini, na wagonjwa tayari ninao? Wanipe koti tu.