Karani Asiye na Barua ya Ajira

Taasisi ya Hamira ilitangaza, kwa fahari na kwa spika mbili, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna seli ya hamira itakayoruhusiwa kuhisi njaa bila idhini ya maandishi. Wafanyakazi wakapiga makofi. Bi Hamira, fundi wa maabara, naye akapiga. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na alilijua. Wiki moja nyuma Mkurugenzi aliingia maabara, akachungulia chupa za hamira, akazikuta zimetulia tuli.

"Mbona hawa wamelala saa za kazi?"

"Sukari imewaishia, mkubwa. Ndani ya kila seli kuna protini moja, inaitwa kinasi. Sukari ikiisha, inazibandika protini nyingine alama, kama karani anayegonga mhuri: fungeni duka, wekeni akiba, laleni. Sukari ikirudi, wanaamka."

Mkurugenzi alivua miwani. "Anagonga mhuri?"

"Ni mfano tu, bosi."

"Kwa barua ya nani?"

Katika taasisi ile mhuri ulikuwa mmoja, kwenye kijisanduku cha Mkurugenzi, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake hata msalani. Leo anaambiwa kuna mamilioni ya makarani wasioajiriwa, kila mmoja na mhuri wake, tena wa kuruhusu watu walale! Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Ikaundwa Kamati ya Kudhibiti Mihuri ya Ndani ya Seli, wajumbe tisa. Ilikaa siku nne, chai ikipita kila saa, ikaazimia kwa kauli moja karani aondolewe.

Bi Hamira alikuwa na ujuzi wa kumwondoa, na alikuwa na watoto wa kulea. Baada ya wiki kadhaa akazalisha hamira mpya isiyo na karani. Ile ya zamani, aliyoachiwa na marehemu mwalimu wake, iliyoumua mikate ya hospitali kwa miaka ishirini na mmoja, akaamriwa aimwage. Ilimuuma sana. Akaimwaga kweli, isipokuwa kijiko kimoja. Hicho alikitia kwenye kichupa, akakisukuma nyuma kabisa ya friji, na juu yake akaandika "Mkojo". Friji ya ofisi ile aliijua. Kisicho na jina kama hilo hakikulala humo siku mbili.

Hamira mpya haikulala. Mkurugenzi akawa anapita asubuhi na jioni kuisifu. "Wachapakazi! Wengine waige."

Jumatatu moja sukari ya maabara ikaisha. Bi Hamira akaenda kwa katibu muhtasi, dokezo mkononi.

"Shoga, gunia zima! Nani kalimaliza?"

"Usiniulize mimi," katibu akanong'ona. "Ile Kamati bado inakaa, na kila kikombe vijiko vitano."

Dokezo likarudi na wino mwekundu wa Mkurugenzi: *Sukari ipo. Taarifa za njaa zipitie Kamati. Endeleeni.*

Hamira nayo ikaendelea. Haikuwa na wa kuiambia ijifunike ilale, ikang'ang'ania kukua kwa chakula kisichokuwepo. Ijumaa ya wiki iliyofuata, siku ya ugeni wa Waziri, ilikuwa imekufa yote kwa bidii. Bi Hamira aliitazama kwenye hadubini, akawaza wagonjwa na mkate wao wa kesho.

Ukumbini unga ulikandwa kwa hamira hiyohiyo mbele ya wageni. Saa nzima ikapita, donge limelala bapa.

"Mbona haliumuki?" Waziri akauliza.

"Linajipanga, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi.

Bi Hamira akatoka, akarudi na kichupa chake na sukari aliyoitoa nyumbani, akakoroga kwa maji ya vuguvugu, akakanda unga mwingine. Waziri aliposoma lebo, akasogeza kiti nyuma.

"Usiogope, Mheshimiwa. Hiyo ni lebo ya ulinzi."

Mkurugenzi akajaza muda kwa hotuba ya kurasa sitini. Alipofika ya hamsini na mbili, donge likafurika bakuli.

"Hii na ile zina tofauti gani?" Waziri akauliza.

"Hii ilijua sukari imeisha, ikalala ikangoja. Ile ilikatazwa kujua."

"Na nani?"

Wajumbe tisa wakageuza shingo upande mmoja. Waziri akaonja chai yake, akakunja uso. "Na hii chai, mbona haina sukari?"

"Sukari ipo, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi.

Kwa amri ya Waziri, barua ya kumpumzisha Mkurugenzi ikaandikwa palepale, kwenye meza yenye unga. Katibu akaileta pamoja na kijisanduku cha mhuri. Mkurugenzi akavua ufunguo shingoni, akafungua, akaigonga bila kuisoma, kama alivyozigonga nyingine zote.

Jumatatu saa mbili alikuwa kitini pake, tai imekaza, anadai chai. Hapakuwa na kitu ndani yake cha kumwambia kwamba mambo yamekwisha. Bi Hamira, akitokea kupakia mikate ya hospitali, akamwonea huruma.

"Mkubwa, sukari imeisha. Nenda ukapumzike."

"Kwa barua ya nani?"

Akamwekea mezani. Mkurugenzi akavaa miwani, akaigeuzageuza, akaukagua mhuri kwa muda mrefu, akakiri kwamba ulikuwa halali.