Mbuzi Aliyekula Nyumba ya Shosho

Ndugu zangu, mnisamehe kwanza. Shule yangu iliishia darasa la nane na mwandiko wangu mnaujua. Hata kwenye simu ninakosea, na kioo kimepasuka katikati, kwa hivyo nimeanza kuandika haya saa kumi na sasa jua linazama. Lakini afadhali myasikie kwangu kabla hamjayasikia kwa watu wengine wa Kiganjo.

Leo mbuzi ameniumbua mbele ya ukumbi mzima.

Mnajua Jumamosi huwa ninasaidia pale ukumbini, watoto wa shule wanapokuja kuchora, kufinyanga na kujifunza historia ya huku kwetu. Madam Salome, anayeongoza, huwatuma wakaulize wazee wao hapa palikuwaje zamani. Mtoto akirudi na jibu, analijenga kwa katoni na magazeti. Mwezi huu wote tumejenga Thika na Ruiru za zamani juu ya meza moja kubwa. Watoto wa Mwihoko walileta stesheni ya Ruiru na mabehewa matatu. Na Njoki, msichana wa darasa la nne, alijenga nyumba ambamo shosho yake, yaani bibi yake, alizaliwa, katika shamba la mkonge.

Hiyo nyumba ilikuwa nzuri kushinda zote. Paa lake lilikuwa la nyasi za kweli. Njoki alizikata mwenyewe kando ya barabara akazibandika moja moja kwa siku mbili. Juu ya mlango aliweka kibandiko cha karatasi: NYUMBA YA SHOSHO.

Leo wazazi walikuwa wanakuja kuona. Na shosho mwenyewe.

Sasa, mimi kazi yangu ni gundi. Gundi yetu si ya duka, ni uji mzito wa unga wa ngano ninaoupika mimi. Mwezi uliopita iliota ukungu, Madam akaniambia safari hii nitie chumvi kidogo isioze. Mimi nikatia nusu pakiti. (Mtu asiye na maneno mengi hutaka kazi yake ionekane.)

Kwa sababu ya baridi ya wiki hii, gundi haikukauka. Asubuhi Madam akaniambia, kwa sauti ya kukwaruza maana ana homa, "Wafula, toa meza juani. Na usibanduke hapo."

Njoki akaja amevaa sweta ya kanisani.

"Wafula, utachunga nyumba ya shosho?"

"Nitachunga."

"Sema haki."

"Haki."

Nilichunga vizuri sana kwa karibu saa moja. Halafu Madam akarudi, sauti sasa imekwisha kabisa, akaninong'oneza, "Leo wewe ndiye utawaeleza wazazi. Mimi siwezi."

Mimi. Mimi ambaye nikiitwa jina kanisani mgongo wote unalowa jasho.

Nikaona bora nijizoeze. Nikaingia stoo, nikasimama mbele ya mifagio, nikasema, "Karibuni wazazi wetu." Mifagio haikucheka. Nikarudia mara tano. Mara ya sita nilikuwa hata ninanyoosha mkono kama pasta.

Nilipotoka nikamkuta mbuzi wa jirani, yule wa kahawia mwenye pembe moja, amepandisha miguu ya mbele juu ya meza. Alikuwa anatafuna pole pole, kama mtu aliyealikwa.

Nilimfukuza kwa kofia, lakini alikuwa amemaliza. Paa la nyasi hakuna. Kuta zimebaki kimo cha kidole. Stesheni ya Ruiru ilibaki choo, na behewa moja halikuonekana tena. Upande huo wote wa meza alikuwa ameulamba mpaka unang'aa. Hapo ndipo nilipokumbuka ile chumvi, na jinsi mbuzi wanavyoipenda.

Na langoni wazazi walikuwa wanaingia.

Ningesema ukweli, haya yangeishia hapo. Badala yake nikachukua karatasi ya kijani, nikafunika pale palipokuwa na nyumba, nikabandika miti miwili ya udongo juu. Tukaivuta meza ndani na vijana wawili. Mmoja akauliza mbona miguu ya meza ina mate. Nikasema ni umande.

Watu wakakaa. Njoki alikuwa mbele kabisa na shosho yake, bibi mwembamba mwenye kitambaa cheupe na mkongojo. Madam akanipungia mkono nianze.

"Karibuni wazazi wetu," nikasema, na mkono nikaunyoosha. Nikaonyesha mto. Nikaonyesha reli. Nikaruka stesheni. Nikafika kwenye ile karatasi ya kijani.

"Na hapa ni... uwanja. Zamani hapa hapakuwa na kitu."

Njoki akainua mkono. "Si hapo ndipo nyumba ya shosho ilikuwa?"

"Ilikuwa," nikasema. "Halafu ikahamishwa."

"Na nani?" Huyo sasa alikuwa shosho mwenyewe. "Mimi nilizaliwa hapo na sikuhama mpaka nilipoolewa. Nani aliihamisha, kijana?"

Niliwaza niseme mzungu mwenye shamba. Haki ya Mungu nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini watu hawakuwa wananiangalia tena. Walikuwa wanaangalia mlango.

Mbuzi alikuwa amerudi kumalizia. Alisimama mlangoni akitutazama, na kwenye ndevu zake, kimeshikwa na gundi yangu mwenyewe, palining'inia kibandiko. Herufi kubwa. Hata mtu wa nyuma kabisa aliweza kusoma.

NYUMBA YA SHOSHO.

Njoki alisoma, akaiangalia meza, akaniangalia mimi. "Ulisema haki," akaniambia.

Nikaondoa karatasi ya kijani. Nikasema, "Mbuzi ameila. Niliiacha peke yake, nikaenda kuzungumza na mifagio." Ndiyo, nilisema hivyo hivyo, mbele ya watu wote.

Shosho akaja mezani na mkongojo wake. Akainama, akaziangalia zile kuta zilizobaki kwa muda mrefu. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka Madam akamletea kiti.

"Njoki," akasema, "kuna kitu nilisahau kukuambia. Hata ile ya kweli ililiwa paa na mbuzi. Nyuma kulikuwa na kichuguu, mbuzi wa mama alikuwa anapanda hapo anakula nyasi za paa kama sahani yake. Siku moja mvua ilinyesha, ikaingilia hapo hapo mpaka kwenye sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yetu. Baba akauliza mbona leo kuna supu nyingi. Mama akamwambia, kula, leo Mungu amesaidia kupika."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Wazee wengine nao wakaanza, huyu paa lake lilifanyiwa nini, yule na kuku wa jirani, na watoto wakatafuta kalamu waandike. Madam alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

Njoki hakucheka mara moja. Alichukua bonge la udongo, akafinyanga mbuzi mwenye pembe moja, akamweka juu ya zile kuta. Kisha akatukataza kujenga paa jipya. "Sasa ndiyo imekuwa ya kweli," akasema. Kwangu mimi akasema nimesamehewa, ila sitachunga kitu chake tena. Hapo nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nimejifunza kwamba chumvi kidogo ni chumvi kidogo.

Niandikieni, hata mistari miwili. Kama kuna anayejua gundi ambayo mbuzi haipendi, aniambie kabla ya Jumamosi. Na mkitaka kunicheka, andikeni kwa herufi kubwa, maana ninasoma pole pole na kioo kimepasuka.