Soksi ya Goti ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 7

Nimemkosea mama mkwe wangu. Nalisema mwanzo kabisa, nisije nikaanza kulizunguka. Nimemwibia soksi ya goti.

Kwa kuitazama si kitu cha maana. Ya kijivu, ya kitambaa cha kuvutika, ina tundu la kutokezea pia ya goti. Mwanawe wa kiume alimtumia. Mama ana wiki mbili hapa kwetu anatibiwa goti la kushoto, anatembelea fimbo. Mimi naumwa la kulia. Mke wangu anasema akituunganisha anapata mtu mzima mmoja.

Yule dada wa mazoezi ya viungo pale kliniki alituona siku moja. Mama akaambiwa akae kwenye kiti, anyooshe mguu, ahesabu kumi, ashushe, mara ishirini kila siku. Mimi nikaambiwa hivyo hivyo, na nyongeza: hakuna kukimbia wiki sita. Wiki sita! Mimi! Mtu ambaye hata chai nainywa nimesimama! Na Jumapili hii kuna mbio za mtaa, kilomita tano. Kinyozi, mwenye duka la pili kutoka langu, ameshatangazia kila kichwa anachonyoa kwamba mwaka huu Fundi Cherehani, yaani mimi, atashangilia amekaa kitini, na blanketi magotini.

Sasa leo alfajiri nikaiona soksi kwenye kamba ya nguo. Nikaiazima. Nilitaka kuirudisha kabla Mama hajaamka. Basi, hilo tu. Nikakimbia mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Goti lilitulia kama mtoto aliyebebwa. Raha iliyoje!

Kurudi, Mama huyo uani, anapapasa kamba. Nikapita ubavuni mwa nyumba moja kwa moja hadi dukani. Soksi sasa iko kwenye droo ya vifungo. Imelowa jasho. Imelegea. Inafanana na mimi.

Jumanne, tarehe 8

Mambo yameharibika. Nilitegemea Mama aulaumu upepo. Hakuulaumu. Hakumlaumu hata paka wa jirani, ambaye nilimtaja mara mbili. Anajilaumu mwenyewe. Amemwambia mke wangu kwamba anakumbuka kabisa kuianika, na kama haipo, basi kichwa ndicho kimeanza kuaga. Dada yake mkubwa alianza hivi hivi, kwa kupoteza miwani. Akaishia hajui majina ya wanawe.

Na Jumamosi anatakiwa kwenda kumwona kitukuu wake wa kwanza. Mtoto ana siku kumi na mbili. Wazazi wake wanakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Ngazi arobaini na nane, mke wangu alizihesabu. Mazoezi yote yale ya kitini ni kwa ajili ya ngazi zile. Leo Mama hakuyafanya. Kasema apande ili iweje, mtu anayepoteza vitu hapewi mtoto mchanga amshike.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikatia kipande cha mkate.

Jumatano, tarehe 9

Mimi si fundi? Kikipotea kimoja nashona kingine. Mbona sikufikiria mapema!

Saa tano nikarudishia mlango wa duka. Nikatoa kitambaa cha kuvutika kilichobaki kwenye nguo za michezo za shule, lastiki mbili, uzi wa kijivu. Tundu nimelizungushia mshono mara tatu. Vipimo? Nikajipima mwenyewe, goti ni goti. Kazi safi, bila kujisifu. Tena cherehani nimekanyaga kwa mguu wa kulia makusudi, mikanyago mia tatu, maana cherehani hakuna aliyenikataza. Kinyozi kachungulia, kauliza hiyo kofia ni ya nani. Nikamwambia akafagie nywele zake.

Mchana nimeitumbukiza chini ya mto wa Mama. Kaikuta! Kapiga vigelegele, kaivaa, katoka kwenda getini. Hatua ya tano, soksi imeanza kushuka. Hatua ya nane iko kwenye kifundo cha mguu. Mama kasimama, kaitazama. Kisha akamwambia mke wangu, taratibu kabisa, kwamba sasa hata goti limepungua.

Alhamisi, tarehe 10

Nimeamka na mpango bora zaidi. Kukaa tu siwezi. Nikikaa goti linauma, nikisimama roho inauma.

Ile soksi ya kweli tatizo lake si kulegea? Kilicholegea kinachemshwa, kinajikaza. Nikaichemsha dukani, kwenye sufuria yangu ya chai. Dakika tano zingetosha. Lakini katikati ya kuchemsha Kinyozi akapita anakimbia, tena anainua magoti juu juu ili nimwone. Nikatoka nikamfuata nikichechemea mpaka kona, nikamwambia Jumapili tutajuana. Akasema tunajuana tangu zamani, na ndiyo maana hana wasiwasi. Ubishi ukanoga. Niliporudi maji yamekauka na soksi ingemtosha mwanasesere.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nimeivuta kwa mikono, nimeipiga pasi, nimeibadilisha na ile niliyoshona wakati Mama anaoga. Jioni kajaribu kuivaa, imekwama kwenye kigimbi. Jana goti lilipungua, leo limevimba! Mke wangu kapiga simu kliniki. Tunakwenda kesho asubuhi.

Mama hakula. Akaniita, akaniambia, mwanangu, siku nikianza kukuita jina la mtu mwingine, usinicheke. Nikajibu, sawa Mama. Sawa Mama! Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo!

Ijumaa, tarehe 11

Nimesema. Wala haukuwa ushujaa.

Dada wa kliniki kalipima goti la Mama kwa utepe. Lile lile la wiki mbili zilizopita, halijaongezeka wala kupungua hata nusu sentimita. Kaichukua soksi, kaigeuza ndani nje, kauliza nani aliipiga pasi, maana ina alama ya kuungua, pembe tatu, kama ncha ya pasi. Mama kaiangalia alama. Kisha kaniangalia mimi. Ncha ya pasi yangu imepinda upande mmoja, na nusu ya sketi zake ziliwahi kupita kwenye pasi ile.

Yakanitoka yote, kuanzia kamba ya nguo mpaka sufuria. Mke wangu kajifunika uso kwa mkoba. Dada wa kliniki kajitia anaandika. Mama kauliza jambo moja tu: kwa hiyo aliianika kweli? Nikasema uliianika, Mama, kwa vibanio viwili. Akarudia, vibanio viwili. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika meza, mpaka machozi. Kasema mwizi anamwezea, alichokuwa anakiogopa ni kingine. Akakaa kitini, akanyoosha mguu mara ishirini, akaongeza tano.

Adhabu yangu: Jumapili sikimbii. Nitakaa kiti cha pili na kuhesabu pamoja naye. Nimeapa. Mke wangu kanilazimisha niape mara mbili.

Jumamosi, tarehe 12

Ngazi arobaini na nane! Mama mbele, mkono mmoja kwenye fimbo yake, mwingine kwenye chuma cha ngazi. Mguu mzima kwanza, mbovu ufuate, kama alivyofundishwa. Mimi nyuma, tayari kudaka. Ghorofa ya kwanza kapumzika. Ghorofa ya pili kaniuliza kama nahitaji kupumzika. Nilihitaji. Goti langu lilikuwa linatoa sauti kama mtu anayetafuna bisi.

Juu kanikabidhi fimbo, anahitaji mikono yote miwili. Kampakata mtoto. Kamwita jina lake, akamtajia na jina la mama yake, na la bibi yake. Kisha kamwelekeza kwangu, kamwambia na huyu ni mwizi wa soksi, usimsahau. Mimi nimelia. Nimesingizia jasho.

Jioni Mama katembea bila fimbo kutoka kona mpaka nyumbani. Kaiegemeza nyuma ya mlango, kasema ikae pale pale, ataihitaji Jumamosi ijayo kwa ngazi zile zile. Nimejiona mtu mpya kabisa.

Jumapili, tarehe 13

Nilikwenda kutazama tu. Raba nilivaa kwa sababu ya kokoto. Fimbo ya Mama niliichukua kwa usalama, maana mtu mwenye fimbo hakimbii, hilo linajulikana.

Kinyozi akaniona. Akauliza, kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima, blanketi nimelisahau wapi. Filimbi ya mbio ilipolia, nikaanza kutembea. Kutembea sikukatazwa. Kisha kutembea kwa haraka. Kwenye tangi la maji, mimi na miguu yangu mitatu, nikampita! Nilimpita! Mita mia moja tamu kuliko zote nilizowahi kukimbia. Ndipo goti likagoma, uzito wote ukaenda kwenye fimbo, na fimbo ikavunjika vipande viwili. Nikaviacha mtaroni.

Aliyenibeba ni Kinyozi. Mgongoni. Akavuka mstari wa mwisho nami, akatangaza tumemaliza pamoja, ila yeye mbele.

Sasa niko kitandani, goti kama tikiti maji. Mke wangu ananisemesha kupitia ukuta. Hivi punde nimemsikia Mama akipapasa nyuma ya mlango. Hakujishika kichwa. Hakumtaja dada yake. Amekuja moja kwa moja mpaka mlangoni pangu, kasema fimbo yake anakumbuka vizuri alipoiweka, safari hii hajishuku yeye, anauliza tu kistaarabu. Nikamwambia ataipata.

Na ataipata. Naandika hapa ili maneno yangu yanisute: Ijumaa saa nne asubuhi, kabla ya ngazi za Jumamosi, fimbo itakuwa nyuma ya mlango. Nitaichonga mwenyewe. Seremala wa jirani ana randa na kipande cha mti mgumu. Sijawahi kuchonga, lakini fundi ni fundi. Wala hakuna haja ya kumsumbua Mama na vipimo. Nimeshajipima mwenyewe.